Kwanza uliza kama kuna maji: marhamu, sabuni na visafishio vya kujitengenezea nyumbani

Anayeniuliza aanzie wapi kujitengenezea vitu vya kuogea, kujipaka na kusafishia nyumba, namjibu kwa swali: hicho unachotaka kutengeneza kina maji ndani yake au hakina?

Kisicho na maji, yaani mafuta matupu, nta, siagi ya shea na unga mkavu, hakiwapi bakteria wala kuvu pa kuishi. Kitakaa kabatini miezi mingi, na kikiharibika ni mafuta yaliyochacha, jambo ambalo pua itakuambia mapema. Chenye maji, kama losheni, jeli ya shubiri au maji ya majani yaliyochemshwa kwa ajili ya nywele, huanza kuota vijidudu ndani ya siku chache, na mara nyingi huoni doa wala husikii harufu. Wapo wanaoongeza vitamini E wakidhani wamekihifadhi. Vitamini E huchelewesha mafuta kuchacha, basi. Bakteria haiwagusi.

Kwa hiyo ninapanga kazi hivi: visivyo na maji natengeneza kwa wingi na kwa moyo mkunjufu, vyenye maji natengeneza kidogo, vya kuisha wiki ileile. Sabuni ina njia yake, maana inaanza na maji lakini alkali iliyomo, yaani kinyume cha asidi, haiwapi vijidudu nafasi. Na kuna vitu vichache ambavyo sitengenezi kabisa, nitavitaja.

Kabla ya yote nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Vijiko na vikombe vinafaa kwa unga wa kusugulia sinki. Kwa sabuni havifai hata kidogo, kwa sababu kikombe cha mafuta ya nazi yaliyoganda na kikombe cha mafuta hayohayo yaliyoyeyuka havina uzito sawa, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoacha sabuni ikiunguza ngozi.

Marhamu, kwa sababu ndiyo rahisi

Mwanangu wa pili ana ngozi kavu inayowasha, na vitu vyenye manukato humzidishia mikwaruzo. Marhamu ninayompaka ina vitu vitatu tu, na ndiyo ninayomfundisha kila mtu mwanzo, kwa kuwa haina pa kukosea pakubwa.

Pima gramu 25 za nta ya nyuki, gramu 70 za mafuta ya zeituni au ya alizeti na gramu 30 za siagi ya shea. Nta ikate vipande vidogo au ikwangue kwa kikwangulio. Weka nta na mafuta kwenye bakuli la chuma au kioo kinachostahimili joto, kisha bakuli hilo liweke juu ya sufuria yenye maji yanayotokota polepole. Usiweke nta moja kwa moja juu ya moto. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na mvuke wa maji unatosha kabisa kuifikisha huko. Ikikaa juu ya moto mtupu inaweza kupata joto kupita kiasi na hata kushika moto.

Koroga kwa kijiti mpaka usione punje yoyote ya nta. Hapo toa bakuli kwenye mvuke, futa maji yaliyojikusanya chini yake (tone moja likidondokea ndani ya kikopo umeshaingiza maji), ndipo uongeze siagi ya shea, iyeyuke kwa joto lililobaki. Shea haipendi joto la muda mrefu. Ikipoa polepole sana hufanya vijipunje kama mchanga ambavyo unavisikia kidoleni. Haina madhara, lakini inaudhi. Dawa yake ni kuipoza haraka: mimina kwenye vikopo vidogo, viache dakika chache, kisha viingize kwenye friji mpaka vigande.

Unataka kujua kama itakuwa ngumu au laini kabla ya kumimina? Weka kijiko cha chuma kwenye friza mwanzoni mwa kazi. Mchanganyiko ukishayeyuka, dondoshea matone mawili juu ya kijiko hicho, ngoja dakika moja, kisha bonyeza kwa kidole. Ikiwa ngumu mno ongeza mafuta gramu chache, ikiwa laini mno ongeza nta. Panapokuwa na joto kali nta iongezwe kufikia gramu 30, na usitegemee mafuta ya nazi kuipa ugumu, kwa maana yenyewe yanayeyuka kwenye nyuzi 24 au 25 hivi; kikopo kikikaa mfukoni utakuta kimiminika.

Ukitaka kuweka mmea ndani, tumia mkavu. Maua ya kalendula au kamomili yaliyokaushwa mpaka yanavunjika mkononi yatumbukize kwenye mafuta, yafunike kabisa, kisha yapashe kwa mvuke uleule kwa moto mdogo saa mbili au tatu. Chuja kwa kitambaa, tupa maua, tumia mafuta. Majani mabichi yana maji, na maji yakiingia kwenye mafuta turudi kwenye swali letu la kwanza.

Kuhusu mafuta tete, yale ya vichupa vidogo yenye harufu kali kama lavenda, mkaratusi na mnanaa: watu huyamimina kana kwamba ni maji ya waridi. Hicho ni kiini kikali cha mmea kilichokusanywa mahali pamoja. Kwa kitu cha kukaa kwenye ngozi siku nzima, asilimia 1 inatosha, yaani matone 20 hivi kwenye mililita 100 za mafuta. Usiyapake yakiwa matupu. Mkaratusi na mnanaa usiviweke karibu na uso wa mtoto mchanga, vinaweza kumbana pumzi. Mafuta ya mti wa chai ni sumu kwa paka, kwa hiyo nyumba yenye paka iyaache. Marhamu ya mwanangu haina hata tone moja la mafuta hayo.

Kwa sifa hizohizo za kutokuwa na maji, sukari na mafuta vinakupa kisugulio kizuri cha miguu na viwiko: sehemu mbili za sukari, sehemu moja ya mafuta. Angalizo ni kwamba mkono ulioloa ukiingia kwenye kopo unaacha maji humo. Teka kwa kijiko kikavu. Na uoshe sakafu ya bafu ukimaliza, mafuta huteleza na mtu anaweza kuvunjika nyonga.

Sabuni ya kipande

Hapa nitakaa zaidi, maana ndipo watu wanapoogopa na ndipo wanapodanganywa. Utasikia mtu akiuza maelezo ya sabuni isiyo na kostiki. Hakuna. Sabuni ni kile kinachozaliwa mafuta yanapokutana na alkali. Zamani alkali hiyo ilitoka kwenye majivu yaliyochujwa kwa maji. Leo tunatumia kostiki soda (sodiamu hidroksidi), kwa kuwa nguvu yake inajulikana na inaweza kupimwa. Anayesema sabuni yake haina kostiki, ama amenunua sabuni iliyokwisha tengenezwa akaiyeyusha na kuitia rangi, ama hajui alichonacho. Kazi ikifanyika kwa vipimo, kostiki yote huliwa na mafuta, na kwenye kipande kilichokomaa haibaki.

Kila mafuta yana kiwango chake cha kostiki. Gramu moja ya mafuta ya nazi inahitaji gramu 0.183 za kostiki, gramu moja ya zeituni inahitaji takriban 0.135, ya mawese 0.141, ya mbarika 0.128. Ndiyo maana huwezi kubadilisha mafuta kwenye kipimo cha mtu na kuacha kostiki vilevile. Piga hesabu upya kila mara.

Tuifanye pamoja. Nataka kilo moja ya mafuta: gramu 700 za zeituni kwa upole wake, gramu 300 za nazi kwa povu na ugumu. Zeituni 700 mara 0.135 ni 94.5. Nazi 300 mara 0.183 ni 54.9. Jumla 149.4. Sasa napunguza asilimia 5 ya kostiki ili mafuta kidogo yabaki bila kugeuka sabuni. Hayo ndiyo yanayoifanya iwe laini kwenye ngozi, na ndiyo nafasi ya usalama ikiwa mizani imeyumba gramu moja. Zinabaki gramu 142. Maji ni mara mbili ya kostiki: gramu 284. Andika namba hizi kwenye karatasi kabla hujagusa chochote, kisha zikague tena kwa kikokotoo.

Vaa miwani ya kinga inayofunika macho, glavu ndefu, mikono mirefu na viatu vilivyofungwa. Watoto na wanyama wawe nje ya chumba, simu iwe mbali, madirisha yawe wazi. Vyombo viwe vya chuma kisichoshika kutu au plastiki ngumu inayostahimili joto. Alumini marufuku: kostiki huila na kutoa hewa ya hidrojeni inayoweza kulipuka. Kioo pia sikipendi kwa kuchanganyia kostiki, huweza kupasuka bila taarifa.

Maji kwanza, kostiki baadaye. Mimina kostiki kidogo kidogo ndani ya maji baridi huku ukikoroga, wala usigeuze ukamimina maji juu ya kostiki, kwani huchemka ghafla na kuruka. Mchanganyiko utapanda joto wenyewe mpaka nyuzi 80 hivi bila moto wowote, na utatoa mvuke mkali unaowasha koo. Geuza uso pembeni na usiinamie. Mchanganyiko ukitulia, maji yenye ukungu yatakuwa angavu. Uache upoe.

Kostiki ikikurukia ngozini, vua nguo iliyolowa na osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Usimwagie siki juu ya ngozi iliyoungua. Asidi na alkali zikikutana hutoa joto jingine juu ya jeraha. Ikiingia jichoni, osha vivyo hivyo bila kuacha, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Yeyusha mafuta ya nazi, changanya na zeituni. Ngoja mafuta na maji ya kostiki vyote viwe na joto la nyuzi 40 hivi, kisha mimina kostiki kwenye mafuta polepole. Tumia blenda ya mkono: izamishe kwanza, igonge chini taratibu kutoa hewa, halafu iwashe sekunde chache, izime ukoroge nayo, iwashe tena. Mwanzoni utaona mafuta yenye michirizi. Baadaye rangi inapauka, mng'ao wa mafuta unapotea, na kingo za chombo zinaacha kuwa na duara la mafuta. Angalia alama inayoachwa na blenda unapoiinua. Ikidondosha mstari juu ya mchanganyiko na mstari ule ukazama papo hapo, bado. Ukikaa juu kwa nukta moja au mbili kabla ya kufifia, sabuni imeshikana. Imekuwa nzito kama uji mwepesi na haitajitenga tena. Hapo ndipo unatia harufu kama unaitaka, gramu 20 hadi 30 za lavenda kwa kilo hii ya mafuta, unakoroga kwa mkono na kumimina kwenye kalibu iliyotandikwa karatasi ya kuokea.

Funika kwa taulo. Ndani ya saa chache katikati ya kipande hupata joto na kuwa kama kinang'aa; ni kawaida. Baada ya saa 24 hadi 48, ukiwa bado na glavu, toa kwenye kalibu na kata. Zeituni nyingi hufanya sabuni iwe laini mwanzoni, hivyo usilazimishe kisu kikivuta.

Sasa subira. Panga vipande vikiwa vimeachana mahali penye hewa na kivuli, uvigeuze mara kwa mara, kwa wiki 4 hadi 6. Kostiki karibu yote huwa imeshafanya kazi siku za mwanzo. Wiki zinazofuata ni za maji kutoka, kipande kuwa kigumu, povu kuwa laini zaidi na sabuni kudumu bafuni. Unga mweupe ukitokea juu, ni kabonati iliyotokana na hewa. Ikwangue tu. Lakini ukikata ukakuta mashimo yenye maji au vipunje vyeupe vikali ndani, hiyo haijachanganyika na isiende mwilini.

Kupima ni rahisi: lowesha kipande, sugua mpaka kitoe povu, bandika karatasi ya kupimia pH, yaani kiwango cha asidi au alkali. Sabuni nzuri husoma 9 au 10. Ikisoma 11 au zaidi hata baada ya kukomaa, itumie kufulia matambara ya jikoni ukiwa na glavu. Usidanganyike na ahadi ya sabuni ya kipande yenye pH sawa na ya ngozi. Ngozi iko kwenye 5 hivi. Sabuni ya kweli ikishushwa hadi huko inarudi kuwa asidi za mafuta, inakatika na kukosa povu.

Ya kufulia ina hesabu nyingine. Mafuta ya ziada unayoyataka mwilini hutaki yabaki kwenye shuka. Nazi tupu kilo moja, kostiki gramu 180, maji gramu 360. Hukata uchafu vizuri na hukaza haraka mno, uikate mapema siku hiyohiyo kabla haijawa jiwe. Kwa ngozi ni kali. Ukiitaka nazi tupu ya kuogea, shusha kostiki hadi gramu 146.

Kostiki iliyobaki ifunge vizuri kwenye chombo chake. Ikiachwa wazi hunyonya unyevu na hewa ukaa, inapoteza nguvu, na hesabu yako yote inakuwa ya uongo.

Jikoni na bafuni

Kwenye kusafisha, kosa lililoenea ni kuchanganya siki na bekingi soda kisha kufurahia povu. Povu lile ni hewa ukaa ikitoka. Kinachobaki ni maji yenye chumvi dhaifu, kwa kuwa asidi na alkali zimemalizana zenyewe kabla hazijagusa uchafu. Na ukifungia mchanganyiko huo kwenye chupa, chupa inaweza kupasuka. Tumia moja, suuza, kisha nyingine.

Jua tu uchafu ulionao ni wa aina gani. Chokaa nyeupe inayoganda kwenye birika, bomba la mvua na vioo vya bafu hutolewa na asidi. Kwenye birika weka kijiko kikubwa cha asidi ya sitriki kwa lita moja ya maji, chemsha, zima, ngoja nusu saa, mwaga, suuza mara mbili. Utaisikia ikichachuka, chokaa inayeyuka. Siki ya kawaida yenye asidi asilimia 5 inafanya kazi hiyohiyo polepole zaidi na inaacha harufu. Kwa vioo, sehemu moja ya siki kwa sehemu tatu za maji inatosha. Kamwe usiweke siki wala limau juu ya marumaru, maana marumaru nayo ni chokaa. Utatoa mng'ao usiorudi.

Mafuta ya jikoni yanataka alkali. Bekingi soda ni alkali pole, nzuri kwa kusugua sinki na chini ya sufuria kwa kitambaa kilicholoa. Ukitaka yenye nguvu zaidi, tandaza bekingi soda kwenye trei na uioke kwenye oveni nyuzi 200 kwa saa moja. Inatoa maji na hewa ukaa na kugeuka magadi ya kufulia. Pima kabla na baada: gramu 168 zinabaki 106 ikigeuka yote, ndivyo unavyojua imekamilika. Vaa glavu, na usiipeleke kwenye alumini, sufu wala hariri. Vijiko viwili vikubwa kwenye ndoo ya maji ya moto vinaondoa mafuta ya jiko ambayo sabuni ya vyombo imeshindwa, na vinasaidia sabuni yako ya kufulia kwenye maji magumu, yale yanayoacha utando wa kijivu kwenye nguo.

Sinki lililoziba usilimwagie povu ukitarajia muujiza. Anza na pampu ya mpira, kisha maji ya moto yenye magadi hayo.

Siki isiwekwe pamoja na sabuni yako ya kipande kwenye chupa moja. Asidi hurudisha sabuni kuwa asidi za mafuta, utaona mabonge meupe yakielea na hakuna kinachosafishwa.

Na hili nalisema kwa sauti kubwa: dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe isikutane na siki, limau, asidi ya sitriki wala kisafishio chochote chenye asidi. Inatoa gesi ya klorini. Isikutane na amonia pia, wala na spiriti. Kama ndani ya nyumba mna chupa ya klorini, iwe na rafu yake peke yake, mbali na chupa zako za kujitengenezea, zote zikiwa na majina. Siki pia haiui vijidudu kiasi cha kuitegemea nyumba ikiwa na mgonjwa wa kuhara au kutapika. Siku hizo tumia klorini kwa maelekezo ya kwenye chupa yake, wala usijione umeusaliti uasili.

Vyenye maji, kwa ufupi

Shubiri naipenda baada ya jua. Kata jani, lisimamishe wima kwenye glasi mpaka utomvu wa njano utoke wote, kwani huo huwasha ngozi. Menya, toa nyama angavu, saga. Kwenye friji ni ya siku 3 hadi 5. Mimi huigandisha kwenye trei ya barafu na kutoa kipande kimoja kimoja. Kwa losheni ya kukaa kabatini inabidi uwe na kiunganishi cha mafuta na maji, na kihifadhi halisi kilichopimwa, kwa mfano fenoksiethanoli isiyozidi asilimia 1. Kama hutaki vihifadhi, basi huhitaji losheni. Paka marhamu juu ya ngozi iliyoloa mara tu utokapo kuoga. Maji yako tayari mwilini, marhamu inayafungia.

Kwapa

Jasho lenyewe karibu halina harufu. Bakteria wa ngozini ndio wanaolivunja na kutoa harufu. Bekingi soda huwazuia, lakini ualkali wake huwachubua watu wengi, wanapata wekundu baada ya wiki chache na kuambiwa eti mwili unatoa sumu. Mwili hautoi sumu kwapani. Ngozi imechubuka, acha kutumia. Jaribu hii badala yake: gramu 40 za siagi ya shea, 10 za nta, 30 za wanga wa mahindi, 10 za zinki oksidi. Yeyusha nta na shea kwa mvuke, changanya unga huku umefunika pua na mdomo, koroga mpaka ianze kuwa nzito ili unga usizame chini, mimina. Kiasi cha njegere kwa kila kwapa.

Nisivyovitengeneza

Mafuta ya kukinga jua. Kutia zinki oksidi kwenye mafuta ya nazi hakukupi kinga unayoweza kuijua. Chembe hujikusanya mabonge, sehemu nyingine za ngozi zinabaki wazi, na hakuna njia ya kupima nyumbani. Dawa ya meno pia naiacha dukani, hasa ya watoto, kwa ajili ya floridi. Limau na mkaa kwenye meno vinakula tabaka la juu ambalo halioti tena. Chochote cha kuingia jichoni, hapana.

Na limau au ndimu usipake usoni ukatoka juani. Zina kemikali ambazo zikipigwa na mwanga wa jua huunguza ngozi mpaka ikatoka malengelenge, kisha huacha mabaka meusi ya miezi. Ni tunda lililotoka moja kwa moja kwenye mti, halijaguswa na kiwanda, na bado linaunguza. Kuna watu wanaoniambia kostiki inawatisha huku wamejipaka ndimu mashavuni, na hao ndio ninaowaomba wanisikilize zaidi.

Kabla ya kumpa mtu

Paka kidogo ndani ya kiwiko, ngoja saa 24, angalia. Fanya hivyo kwa kila mchanganyiko mpya, hata ule ambao umebadilisha mafuta ya aina moja tu. Vikopo vioshwe, vikaushwe kabisa, ikiwezekana kwenye oveni yenye joto dogo kama ni vya kioo. Juu ya kila kimoja bandika karatasi yenye jina, kila kilichomo na tarehe. Mtu mwenye mzio wa karanga au wa bidhaa za nyuki hana njia nyingine ya kujua. Kwenye daftari andika zaidi: uzito wa kila kitu, joto, dakika ulizokoroga, ilivyokuwa baada ya mwezi. Marhamu iliyokuwa tamu kwenye ngozi mwaka jana huwezi kuirudia kwa kukumbuka, na mtu akikuletea kipele akasema ni chako, daftari ndilo litakaloonyesha kilichobadilika.